Neno Ulilomwachia Mwikali

Mpendwa Mama Muthoka,

Niwie radhi kwamba nimekaa kimya tangu tulipokuzika, na kwamba ninapoandika leo ni kwa ajili ya shauri zito. Ningependa kutanguliza habari njema, lakini mvua imetupita tena, mahindi yamekauka kabla ya kufika magotini, na yule ng'ombe wako mwekundu ilibidi tumwuze kabla hajaanguka.

Mjukuu wetu Mwikali, aliyepewa jina lako, amemaliza kidato cha sita. Mwalimu mkuu wake alinieleza kwa upole kwamba alama zake zinamruhusu kusomea udaktari, uhandisi au uhasibu, apendavyo. Majirani walikuja kunipa mkono. Mimi nilishikwa na hofu, kwa maana nililikumbuka neno lako.

Ulikuwa kitandani hospitalini, mbele yangu, mbele ya mwana wetu Muthoka na kaka yako Kilonzo. Ulimshika mtoto huyo mkono ukasema, "Huyu atakuwa daktari. Nimesema." Hilo ndilo neno la mwisho tulilolisikia sisi wazee. Nawe wajua jinsi Wakamba tulivyo: neno la mzazi anayekufa halivunjwi, na anayelivunja hujiletea laana yeye na watoto wa nyumba ile. Wamishonari walinifundisha nisiyaogope mambo hayo. Unisamehe, nayaogopa.

Kilonzo alishuka kutoka Nunguni kwa ajili ya shauri hilo. "Shemeji," aliniambia hata kabla ya kuketi, "hapa hakuna la kujadili. Dada alimaliza." Muthoka, aliyekuja kutoka Tawa anakofanya kazi ya ukarani, alipendelea uhasibu. "Ni kazi yenye kiti na kivuli," alisema. Kilonzo akamjibu, "Na tumbo! Hebu litazame lako!" Hatukucheka tena siku ile. Shauri lilikwama, maana Muthoka hawezi kumlazimisha binti yake Mwikali. Tangu azaliwe humwita mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa ana jina lako. Nani amwamrishe mama yake mzazi?

Basi wakaniachia mimi, ambaye humwita mke wangu.

Nilimkuta jikoni akichambua ndengu. Nikamwuliza, "Mke wangu, mbona wenzako wanakusemea nawe umenyamaza?" Akasema bila kuniangalia:

"Babu, ninyi mlipotoka nje, Nyanya aliamka akaniita. Aliomba maji. Nesi alikuwa amenikataza nisimpe hata tone, kwa sababu ya upasuaji. Nilishika kikombe mkononi, Babu. Aliniita kwa jina, na tena, na tena, mpaka walipokuja kumchukua. Na hakurudi."

Mama Muthoka, hatukujua. Sisi tulirudi nyumbani na neno moja, mtoto akarudi na lingine, na hakuna aliyemwuliza. Nikamwuliza sasa anataka nini. Akasema, "Nikiingia hospitali, hata kwa kupimwa malaria, naisikia sauti ile. Nataka uhandisi. Mashine ikiharibika, haiombi maji."

Niwie radhi kwa nililolitenda baadaye. Nilimtoa nje nikamketisha kwenye kiti chako, mbele yao wote, nikasema, "Aliyetoa neno ni Mwikali. Mwikali huyu hapa. Wewe Muthoka humwita mwaitu bila mzaha, nami humwita mke wangu. Kama jina ni mtu, basi aliyelisema neno lile anaweza kuliondoa mwenyewe."

"Shemeji," Kilonzo alisema, "unachezea kaburi."

Msichana alishika mikono ya kiti. "Mimi Mwikali ndiye niliyesema," alisema. "Mimi Mwikali nimeliondoa."

Kaka yako aliinuka. Chakula kilikuwa kimekwisha kupakuliwa, naye hakukigusa wala hakutuaga. Muthoka aliinama akalia kama alivyolia siku tulipokushusha kaburini.

Ningetaka kuishia hapo. Lakini tangu Muthoka arudi Tawa, kitinda mimba wake huko ameshikwa na homa isiyomwachilia, na watu wa huku tayari wananong'ona. Kilonzo ametuma ujumbe kwamba neno lirudishwe mahali pake upesi, mtoto angali hai. Mwikali ameusikia. Hataki tena kula mezani nasi, na jana alinijia akasema kwamba yuko tayari kwa udaktari. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepelekwa asikotaka.

Nilimkatalia. Nilimwambia kwamba ameshachagua, na homa ni homa, itatibiwa na waliosomea kuitibu. Nilisema hivyo kwa ujasiri, kisha nikaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yangu hadi giza lilipoingia.

Sijui kama huko uliko mnaruhusiwa kukasirika. Kama mnaruhusiwa, nakusihi kwa heshima zote, usipitie Tawa. Aliyemketisha kwenye kiti ni mimi, na aliyemfundisha la kusema ni mimi. Nakuahidi kwamba hata yule mdogo akitutoka, Mungu apishe mbali, hakuna atakayeruhusiwa kumwambia Mwikali kuwa ni yeye aliyemwua. Watalazimika kunipita kwanza.

Lala salama, mwenzangu. Ukija, njoo kwangu. Mlango wa mbele nauacha bila komeo.

Mumeo.