Maelezo Kuhusu Diski Iliyobandikwa Neno "MAJARIBIO"

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mzee Nyaya. Lile la kwenye kitambulisho afande amelinakili pembeni, lakini ukiliita mtaani hakuna atakayegeuka, hata mimi.
Umri: miaka 74
Kazi: fundi wa vipaza sauti, mstaafu
Elimu: darasa la nne, la tano nililiona dirishani
Makazi: nyumba ya pili nyuma ya stesheni ya mabasi, chumba na sebule

Nimeonywa niseme kweli tupu. Nimekubali, ingawa kwa umri wangu kweli tupu inahitaji blanketi.

Kwa miaka ishirini na sita marehemu mke wangu alikuwa mtangazaji wa stesheni hiyo. Yeye ndiye aliyewaambia watu basi lipi linaondoka na mtoto wa nani amepotea. Mimi nilikuwa juu ya ngazi na nyaya zangu. Kila asubuhi saa kumi na mbili kasorobo alijaribu kipaza sauti: "Jaribio, jaribio. Moja, mbili, tatu." Baada ya tatu ndipo aliponiweka mimi. Siku moja, "Mzee Nyaya, suruali imepasuka nyuma, shuka taratibu." Siku nyingine, "Chai iko kwenye chupa, usiwagawie madereva." Stesheni nzima ilicheka. Mimi nilinuna, huku kinasa sauti kinazunguka.

Nilinasa majaribio mia nne na kumi na mawili. Alipofariki, huu mwaka wa tatu, binti yetu, ambaye ni mwalimu, aliyatoa kwenye kanda akayaweka kwenye diski moja; kanda zenyewe, zilizokuwa zimeanza kuliwa na ukungu, tukazitupa. Akasema, "Baba, andika 'Sauti ya Mama'." Nikamjibu, "Mama ni wako, majaribio ni yangu." Nikabandika plasta ya kidonda, nikaandika kwa mkono wangu: MAJARIBIO.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, niliipeleka diski hiyo kwenye duka la fundi wa kompyuta tunayemwita Miwani, aitolee nakala. Miwani alikuwa ametoka. Dada wa mapokezi, macho kwenye simu, alisema, "Weka hapo mezani, babu." Meza zilikuwa mbili. Nilichagua iliyo karibu na feni, maana hata diski nayo husikia joto.

Hapo ndipo nilipokosea, na naomba papigwe mstari.

Meza ya feni ni ya Miwani kujaribia mambo yake. Diski zake zote za kuchezea zimebandikwa neno hilo hilo, MAJARIBIO. Alirudi, akakuta imeongezeka moja, akaichomeka.

Afande ameuliza alikuwa anajaribu nini. Nasema nilivyoelezwa. Kompyuta haisomi diski mpaka iipachike kwanza, kama mgeni anavyoonyeshwa chumba chake. Upachikaji una swichi zake. Kwa kawaida, kabla ya kuhamisha kitu, mfumo huandika kwenye daftari lake, "nakitoa hapa, nakipeleka pale," ili umeme ukikatika ujue ulikuwa umefikia wapi. Sasa imetoka swichi mpya inayoliruka daftari hilo ili diski iende mbio, na ndiyo Miwani aliyokuwa anaijaribu. Walioitengeneza wameandika wenyewe kwamba bado ni ya majaribio, mtu asiiwashe kwenye kitu anachokipenda. Nilielewa upesi. Ujanani nilikuwa natoa fyuzi kwenye amplifaya ili muziki upande. Hupanda kweli, mpaka unuse harufu.

Saa nane na dakika arobaini mchana umeme ulikatika. Nilikuwa nimerudi kuulizia, nimesimama mlangoni. Miwani alikuwa katikati ya kuhamisha mafaili huku na huku kupima mbio zake. Umeme uliporudi alitazama kioo, akaigeuza diski, akaiona plasta.

"Mzee, hii ni ya nani?"

"Ya mke wangu."

Alikaa chini sakafuni, mtu mzima wa miaka hamsini. Akasema, "Diski za majaribio huwa sizitolei nakala, mzee wangu, kwa sababu hazina mwenyewe."

Nikamwambia, "Hii inaye, ila hayupo."

Majina ya mafaili yote yalikuwepo, yamejipanga kama abiria. Ukiyafungua, mkwaruzo mtupu. Lilifunguka moja, nalo nusu. Akalinakili kwenye flashi, akanikabidhi, akachomoa diski, akaapa hataiwasha tena isipokuwa kwa kusoma tu, bila kuandika hata nukta, aokote vipande vilivyobaki.

Hakuipata nafasi. Binti yangu alifika saa kumi jioni, akamwita mharibifu, akaja kushtaki hapa. Simlaumu. Ana mtoto mchanga ambaye hakuwahi kumsikia bibi yake. Tangu jana Miwani yuko mahabusu, diski iko kwenye bahasha ya vielelezo, na mtu pekee anayejua kuokota vipande mmemvua mkanda na hata hiyo miwani.

Diski ni yangu. Plasta ni yangu. Meza niliichagua mimi. Sina lalamiko juu ya Miwani. Naomba atoke, na bahasha itoke naye.

Bado naamka saa kumi na mbili kasorobo. Stesheni siku hizi inasemewa na mashine. Haikosei, wala haijui suruali ya mtu. Nahesabu mwenyewe hadi tatu, halafu nanyamaza, nangoja nitukanwe.

Afande ananiambia nifupishe. Mke wangu naye alikuwa hivyo hivyo.

Niliyoyaona ni hayo, na niliyoyasababisha nimeyataja kwa kalamu yangu mwenyewe.

Sahihi: Mzee Nyaya
Tarehe 10, saa nne na nusu asubuhi

MAELEZO YA AFISA: Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu. Nilimtaka aondoe mizaha, akakataa. Jalada nimelipeleka kwa mkuu wa kituo pamoja na ombi lake. Kwa idhini ya mkuu, flashi ilichezwa kwenye kompyuta ya kituo. Ilisikika sauti ya mwanamke: "Jaribio, jaribio. Moja, mbili," ikakatika. Shahidi alisema, "Tatu." Aliomba irudiwe, ikarudiwa. Katika marudio ya tatu, mlalamikaji, binti wa shahidi, aliyekuwa benchi la nje, aliingia bila kuitwa. Mara ya nne, "tatu" ilisemwa na watu wawili.