Vifaranga Waliotanua Miguu

Mwabungo, Alhamisi, 1998

Vifaranga wangu wamesimama, wote wanne.

Mavyaa, mamake mume wangu, alishasema ni mdondo, niwatupe kabla hawajawaambukiza kuku wake. Niliogopa. Lakini mdondo gani, na macho yao maangavu, wanakula, mavi yao mazuri? Ni miguu tu iliyotanuka kama ya chura.

Kosa ni langu. Niliwaweka kwenye boksi wasichukuliwe na kunguru, nikawatandikia kalenda ya hoteli aliyoileta Baba Saumu. Karatasi ile inateleza.

Nikatandika gunia, nikawafunga miguu kwa utepe wa kanga isitanuke. Siku tatu moyo juu.

Leo nimewafungua. Wakatembea hadi miguuni kwa mavyaa. Akawatazama weee.

"Haya mwanangu. Na wangu mmoja anachechemea, njoo umwangalie."