Siku Aliyosema Alikuwepo

Jumatatu, 4 Agosti 2008

Nimefika kazini Bowie saa moja kasorobo asubuhi. Mzee Clarence ameshaamka, amegoma kumeza dawa mpaka nimsomee gazeti. Nikasoma. Sukari imepanda kidogo. Nimemkata kucha, nimefua, nimempikia uji wa shayiri ambao hakuumaliza. Mwaka wa tatu huu namtunza. Ana miaka sabini na minane, binti yake anashinda kazini mjini.

Niliporudi nyumbani barua ilikuwa sandukuni. Kiapo cha uraia ni Ijumaa, 12 Septemba, Baltimore. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye maegesho.

Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili. Nikiapa, nimetoka, na asiye raia hamiliki ardhi. Ndiyo maana Julai nilisaini karatasi ya kumwachia kaka yangu Deo kibanja changu cha Bukoba, migomba na kahawa, alichonigawia baba mimi mwanamke mbele ya ukoo mzima. Nililia siku mbili. Kisha nikanyamaza, kwa sababu ya Mzee.

Alhamisi, 7 Agosti

Niandike kwa nini, nisije nikasahau.

Miaka minne nilikuwa nasita. Fomu iko droo ya jikoni, siigusi. Mzee ndiye aliyenisukuma. Alinisimulia maandamano makubwa ya watu weusi kudai haki, mwaka 1963, tarehe 28 Agosti, hapo mji mkuu. Mkuu wake wa ofisi ya serikali alikuwa ametangaza kwamba asiyeonekana kazini siku hiyo atajulikana. Mzee akaenda. Akasimama chini ya miti karibu na lile bwawa refu, viatu mkononi, jua linachoma. Alisema kabla ya siku ile alikuwa anaishi hapa kama mgeni, na siku ile nchi ikawa yake, akaifuata kwa miguu yake mwenyewe. Akaniambia nami niifuate.

Ana beji ya maandamano kwenye kisanduku. Nimeishika kwa mkono wangu huu. Wiki iliyofuata nikaitoa fomu.

Jumapili, 10 Agosti

Darasa baada ya ibada, chumba cha chini cha kanisa, Lanham. Wanafunzi kumi na mmoja wa uraia: Wakongo, Warundi, Mkenya mmoja mbishi. Maswali ya mtihani yanabadilika Oktoba, wote presha juu. Nawafundisha historia kwa Kiswahili, ndipo tunarudia kwa Kiingereza. Leo: uhuru, vita ya kaskazini na kusini, watumwa kuachwa huru. Nilipofika 1963 nikasimulia ya Mzee yote, mpaka viatu. Hata Mkenya aliandika daftarini.

Mama Nabintu, wa Bukavu, anayesafisha vyumba hotelini, akauliza: "Mwalimu, ule muzee angali muzima? Anaweza kuya kutuambia?"

Nikajibu atakuja tarehe 31. Mwenyewe nilikuwa sijamuuliza. Kiherehere changu.

Jumanne, 12 Agosti

Mzee amekubali. Alichezea vifungo vya shati kwanza, nikadhani anaona haya kusifiwa. Binti yake ameshatoa suti kabatini.

Ijumaa, 22 Agosti

Dada yake Mzee, Bi Ernestine, yuko hapa tangu juzi, ametoka North Carolina. Mcheshi, mikono haitulii. Tulikuwa jikoni tunamenya viazi, Mzee amelala. Nikamwambia habari ya tarehe 31, najigamba kama vile nilikuwepo mimi. Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

Akasema: Clarence? Clarence alikuwa ofisini siku hiyo. Aliyekwenda ni Raymond.

Raymond alikuwa ndugu yao mdogo. Sasa ni marehemu. Alikuja na basi la kanisa, yeye na wenzake watatu, wakamwomba Clarence walale kwake usiku mmoja tu. Akawakatalia bila kufungua mlango. Aliogopa jirani atapeleka maneno kazini. Wakalala sakafuni kanisani kwa watu. Beji ni ya Raymond. Bi Ernestine ndiye aliyempa Clarence baada ya mazishi.

Aliponiona uso akaacha kucheka. Alidhani najua. Kwao North Carolina kila mtu anajua.

Viazi vya kwanza, vilivyokuwa motoni, viliungua.

Jumamosi, 23 Agosti

Mwongo. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, mwongo.

Jumapili, 24 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilimtumia mchungaji ujumbe kwamba naumwa, na kweli naumwa.

Nilimpigia Deo. Nikamwambia asubiri, ile karatasi tuifute. Akasema, "Dada Koku, hayo yameshaisha. Ukoo ulikaa, pombe imenywewa. Ulisaini mwenyewe, hukushikiwa bunduki." Amesema kweli, na nimemchukia kwa hilo. Ameshakata mibuni ya mbele apate pa kujenga. Mibuni aliyoipanda baba.

Nani nitamweleza hili asinicheke? Mwanamke wa miaka arobaini na sita kagawa ardhi kwa masimulizi ya mtu anayemwogesha. Lakini mimi nimelelewa hivyo. Mtu mzima akikaa kitako akakusimulia maisha yake, humwombi ushahidi. Unashukuru kwamba amekuona unafaa kusimuliwa.

Jumanne, 26 Agosti

Nimemuuliza, baada ya kumvalisha. Hakukana. Alisema mara ya kwanza alimsimulia mjukuu kwa ajili ya kazi ya shule, mtoto akafurahi mno, akashindwa kurudi nyuma. Alisema alinisimulia mimi kwa kuwa aliona naogopa, na woga anaujua.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Kumbe alikuwa na woga wa kweli, wake mwenyewe, akaacha kunipa huo akanipa ushujaa wa ndugu yake! Woga wake ungenitosha. Tungeogopa wote wawili, kibanja changu kikabaki pale pale. Nilipaza sauti, kwa Kiswahili, nikiwa nimeshika taulo. Alitazama magoti yake.

Sikuomba radhi. Nikampa dawa za saa nane nikaenda kukaa barazani.

Alhamisi, 28 Agosti

Kila kituo kinaonyesha ile siku ya 1963, na leo mgombea mweusi anapokea uteuzi wa chama chake kugombea urais. Simu za Watanzania hazikatiki, watu wanalia kwa furaha. Nami nililia, ila si kwa hilo.

Mzee aliomba nizime televisheni. Nikaiacha. Roho mbaya, najua. Nilikaa natazama wale watu pale bwawani, sura moja moja, namtafuta Raymond ambaye simjui hata kwa picha.

Jumapili, 31 Agosti

Walikuwa wamepanga viti vizuri. Warundi wameleta maandazi. Kiti cha Mzee mbele, kina mto; mwenyewe sikumleta.

Nilitamani kusema anaumwa. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikaona basi, nitakuwa mwongo wa pili. Nikawaambia yote: hakuwepo, alikuwa ofisini, ndugu yake alimgongea naye hakumfungulia. Na mimi nimewafundisha uongo, naomba mnisamehe.

Mkenya akasema, "Aah, Mwalimu, huyo mzee ametubeba ufala, ametufanya wajinga!" Wengine wakacheka kidogo.

Mama Nabintu hakucheka. Alisema, taratibu, "Hata miye nilibakiya mu nyumba wakati ya vita, Mwalimu. Jirani alikuwa anagonga."

Tukasoma mihimili mitatu ya dola. Maandazi yakaliwa mwishoni.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeapa.

Nilikuwa nimepanga nikaape nikiwa na furaha. Nimekwenda kwa kuwa sina pa kurudi. Walichukua kadi ya kijani ya ukaazi, wakanipa cheti na bendera ndogo. Tuliposimama kusema tunaacha utii kwa nchi tulizotoka, sauti yangu ilitoka vizuri tu, ikanishangaza. Kumbe neno hilo nilishalisema Julai kwenye ile karatasi, kwa ajili ya mtu aliyekuwa ofisini siku ile.

Mwanamke wa kiti cha jirani alinikumbatia analia. Sikujua ni wa wapi. Nilimshika mpaka alipomaliza.

Jumatatu, 15 Septemba

Bowie. Mvua nyepesi. Mzee hakudai gazeti, alimeza dawa bila ubishi. Alinipongeza kwa uraia, nikaitikia. Sijamsamehe. Naandika hivyo ili nisijidanganye.

Nilikuwa nakunja shuka alipouliza kama nitawaambia wanafunzi wangu. Nikamwambia nimeshawaambia. Akageukia dirisha. Nikamaliza shuka, nikaanza foronya. Akauliza walisema nini. Nikamwambia wengine walicheka, ila kuna mama mmoja naye alibaki ndani siku jirani alipogonga.

Akauliza anaitwa nani. Nikamtajia. Akalirudia lile jina mara mbili, vibaya, kisha akaniomba nimtamkie tena polepole.