Jina la Mkwe

Jumatano, baada ya magharibi.

Wallahi kosa ni langu, ndilo linaloniuma. Tangu polisi wamkamate mwanangu Jumamosi pale mtaani Ziwa la Ng'ombe, sikujua aliko hadi leo.

Jumatatu nilifika kituoni, nikaulizwa jina, nikajibu, "Baba." Ndivyo ninavyomwita tangu akiwa mdogo. Askari akacheka. "Mama, humu ndani kina baba wamejaa! Jina la kitambulisho?"

Nitalitamkaje? Mwanangu ana jina la marehemu baba mkwe wangu, na kwetu mke kulitaja jina la mkwe ni mwiko; halijapita mdomoni mwangu tangu niolewe. Nikasema ni mrefu, ana kovu juu ya jicho. Akafunga kitabu. "Hayumo."

Leo nimerudi na wifi yangu. Yeye akalitaja jina la babake bila taabu: "Athumani." Askari akateremsha kidole kitabuni. "Huyu alikuwa hapa mpaka jana asubuhi. Alipelekwa mahakamani, sasa yuko rumande gerezani."

Kumbe Jumatatu tulikuwa na ukuta mmoja tu kati yetu! Naye labda akafikiri mamake hakuja.

Wifi akaniambia, "Marehemu angekuzuia kumtafuta mjukuu wake?"

Kesho wifi yuko kazini, gerezani naenda peke yangu. Nimejifungia chooni nikalijaribu lile jina. Mara mbili limenikwama kooni, mara ya tatu likatoka.

Mkwe wangu, niwie radhi. Kesho nitaliita kwa nguvu, alisikie hata aliye nyuma ya ukuta.