Bwana Afya na Kikombe cha Bati

Nchi ya pili, mji wa mpakani
4 Machi

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka njiani. Natumai u mzima, wewe na wajukuu zangu wawili. Mimi mzima, ila mgongo unalia na makalio yamekufa ganzi, na hilo la pili usimsomee shangazi yako.

Leo ni siku ya tisa. Pikipiki haijanisumbua, isipokuwa mnyororo, ambao naukaza kila asubuhi kabla ya chai. Watu wananicheka: mzee wa miaka sitini na mbili, peke yake, juu ya pikipiki kuukuu ya idara ya afya iliyouzwa mnadani, eti anakwenda kuiona bahari ya upande wa pili wa bara. Wacheke. Miaka thelathini na moja nimezunguka na pikipiki hiihii nikikagua mabucha na vyoo vya watu. Sasa nakagua bara zima.

Na bara ni chafu, mwanangu! Jana nimelala nyumba ya wageni ambayo mto wake unanuka mafuta ya nywele ya watu kumi. Nikageuza shuka, nikakuta walionitangulia nao walishaligeuza. Bafuni kuna kipande kimoja cha sabuni, cha wote, na kina nywele ambazo si za kichwani. Asubuhi mhudumu kaniletea chai, kidole gumba kinaogelea humo ndani. Nikamuuliza, "Dada, hicho kidole ni cha kwangu au cha mteja mwingine?" Akacheka, akadhani natania. Nilipoondoka nilimchorea X ya chaki kwenye mlango wa jiko, ileile ya kufungia mabucha. Ndiyo, chaki nimebeba. Mkono umezoea.

Nimebeba pia sahani yangu, shuka langu, dumu langu la maji na kile kikombe cha bati cha bluu cha marehemu mama yako. Vya watu siviamini.

Niandikie kwa posta kuu ya mji mkuu wa nchi inayofuata, watanitunzia. Simu siitaki, inakata maneno katikati.

Baba yako


Nyumbani
15 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Watoto wanakusalimu, na mdogo anauliza kama babu analala hukohuko juu ya pikipiki. Shangazi naye mzima na hasira zake. Anasema kaburi la wifi yake halijakauka udongo, wewe umeshavaa helmeti.

Barua yako nimeisoma. Nimecheka kwenye kidole, kisha nikaona kinyaa, na si kwa sababu ya sabuni. Hiyo X nimeiona ikichorwa mara moja tu maishani, kwenye mlango wangu, kwa mkono huohuo. Wateja thelathini na wanne walitapika na kuhara baada ya kunywa juisi kwenye mgahawa wangu. Ulikuja umevaa kofia ya kazi. Hukuniita mwanangu, uliniita "mmiliki". Ukaandika kwenye fomu: uzembe wa mmiliki. Mwaka wa tisa sasa naitwa Mama Kuhara. Nafua mashuka ya hospitali, maana chakula hakuna mteja anayekipokea mkononi mwangu.

Sikuandikii kukulaumu. Shule ya bweni nyuma ya soko inatafuta mpishi mkuu, na mwalimu mkuu ananitaka mimi. Lakini kamati imefungua mafaili ya afya ikakuta jina langu. Wamesema kama ofisa aliyenifungia ataandika barua kueleza upya ilivyokuwa, watanipa kazi. Mwisho ni tarehe 31 Mei. Ofisa huyo ni wewe. Baba, nakuomba karatasi moja tu.

Halafu, kikombe cha bluu ulikipata wapi? Mama alikitafuta mpaka chini ya vitanda. Alikitafuta hata siku alizokuwa hajui jina langu.

Mwanao


Nchi ya tatu, mji mkuu
6 Aprili

Binti yangu,

Salamu sana. Barua yako nimeikuta posta, imekaa na nyingine zilizoloa chai ya karani. Nafurahi kusikia mnaendelea vizuri. Hali yangu si mbaya.

Barabara ya huku ni tope jekundu tupu. Nimeanguka mara nne kwa siku moja. Tope limeingia masikioni, limeingia mahali ambapo hata daktari haulizi. Ukifungua kioo cha helmeti unameza wadudu, ukikifunga unapumua jasho lako mwenyewe. Kivukoni tulipakiwa mimi, pikipiki na magunia ya dagaa walioshaanza kutoa maji, na maji yale yakanitiririkia ndani ya buti. Buti hiyo sasa nalala nayo mbali. Hapo chakula kilikuwa wali, na nzi walikuwa wengi kuliko punje. Nimechora X kubwa.

Hilo la barua ya kamati nimelisikia. Ila barua ya kiofisi haiandikwi juu ya tangi la pikipiki, inataka utulivu. Nikipata meza nzuri nitaandika. Kikombe usijali, kilikuwa kwenye mizigo ya zamani.

Nitakaa muda kwenye mji wa mwisho wa nchi ya tano. Niandikie kwa posta ya huko.

Baba yako


Nyumbani
24 Aprili

Baba, shikamoo. Tuko salama.

Meza gani? Umeeleza maji ya dagaa mistari mitatu bila meza. Miaka thelathini na moja umeandika ripoti ukiwa umechuchumaa karibu na matundu ya vyoo vya watu, sikukusikia ukidai meza.

Unazunguka mbuyu, na mimi nakujua ukizunguka mbuyu. Zimebaki siku thelathini na saba.

Mwanao


Nchi ya tano, mji wa mwisho
27 Mei

Binti yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Natumai watoto wazima. Mimi nilikaribia kufa, na nakuandikia kwa sababu sikufa.

Nimefikia nyumba ya wageni kando ya kituo cha mafuta, wanapolala madereva wa malori. Mwenyewe ni mwanamama mnene anayepika maharage kwenye sufuria isiyo na mfuniko. Nilipofika tu nikamchorea X. Siku ya pili tumbo likanikata. Nilitapika, nikahara, nikahara tena kabla sijafika chooni, mimi, Bwana Afya, ukutani na sakafuni, mbele ya madereva. Ningeweza kukuficha haya, ila nimechoka kuficha.

Mganga wa zahanati alipouliza nimekula nini, sikufikiri hata kidogo. Nilisema: maharage ya hapa, jiko ni chafu. Nilimpa na daftari langu la ukaguzi wa njiani asome. Kesho yake jiko la yule mama likafungwa kwa kufuli, madereva wakahamia ng'ambo ya barabara. Naye akakaa uani anafua suruali yangu, suruali ambayo mimi mwenyewe nilishindwa kuitazama. Nilimwona dirishani.

Siku ya tatu ya ugonjwa niliweza kusimama. Nikaenda kumwaga maji ya dumu langu, yakagoma kutoka. Nikalipasua kwa kisu. Ndani kulikuwa na ute wa kijani kama makamasi, na humo katikati mjusi aliyeoza, amebaki ngozi na mkia. Wiki tatu nimekunywa maji ya mjusi, nikichora X kwenye milango ya watu.

Nilikwenda zahanati nikasema ukweli, jiko likafunguliwa. Nilipomwambia yule mama, hakunitukana. Alinitazama mimi na dumu, akasonya, akaenda kuwasha moto.

Sasa sikiliza na lako. Siku ile ya juisi bomba lilikauka. Ulikwenda sokoni kununua matunda, ukamwacha mama yako achemshe maji ya akiba. Nilipokuja kukagua nilifungua lile pipa la nyuma, la kulowekea matambara ya sakafu. Kikombe chake cha bluu kilikuwa kinaelea humo. Nilimwita pembeni nikamuuliza. Akaniambia, "Maji ya juisi nimechota mwenyewe, kaka." Aliniita kaka, mwanangu. Alidhani mimi ni kaka yake.

Nilijua kwamba akili inamtoka. Nilijua mwaka mzima kabla yenu, nikanyamaza. Usifikiri nilikuwa namlinda yeye. Niliogopa watu waseme mke wa Bwana Afya kawanywesha maji ya matambara. Nilikuwa nalinda kofia yangu. Nikakitia kikombe mfukoni, nikaandika uzembe wa mmiliki. Halafu nikamwacha akitafute kikombe hicho mpaka chini ya vitanda, na wakati mwingine nikajifanya namsaidia kutafuta.

Nilipoondoka nilidhani nikifika mbali mkono utaandika wenyewe. Mbali hakukunisaidia kitu. Kilichonisaidia ni kuhara.

Humu ndani kuna barua mbili za kiofisi, ya kamati na ya idara, zenye namba yangu ya kazi na sahihi. Kuzipeleka au kuzichana ni juu yako, kwa kuwa zinamtaja mama yako. Kikombe nimekifunga kwenye kifurushi hikihiki. Najua tarehe 31 itafika kabla ya barua. Meza nilikuwa nayo tangu mwanzo.

Bahari iko siku mbili mbele. Sijaenda. Nasubiri hapa, na kila asubuhi nasugua choo cha yule mama. Kinanuka vibaya. Usipojibu nitaelewa.

Baba yako


Nyumbani
23 Juni

Baba,

Salamu nitaziweka mwisho, maana sijui kama nitafika nazo.

Kifurushi kimefika tarehe 16. Nilisoma nimesimama, kisha nikatoka uani nikatapika, na sikuwa nimekula kitu. Unajua nimefanya nini miaka tisa? Nilikuwa nikinusa mikono yangu kabla ya kuwalisha wanangu. Nanawa mpaka ngozi inapasuka, nanusa, nanawa tena. Nilirudia siku ile kichwani mara elfu, nikitafuta nilikosea wapi. Mpaka nikakumbuka makosa ambayo sikuyafanya. Uliona mikono yangu kila ulipokuja kula kwangu, ukasema nipake mafuta.

Kumtaja mama ndiko kulikonipa shida. Shangazi alilia, akasema tunamfukua wifi yake. Nikamwambia mama hakuwa na kosa, alikuwa mgonjwa na hakuna aliyemwangalia, na aliyejua alikuwa mmoja tu. Nikavaa, nikazipeleka barua zote mbili kwa miguu yangu.

Shule ilishampa kazi mtu mwingine tarehe mosi. Mwalimu mkuu alisikitika sana, lakini masikitiko hayapiki. Idarani ofisa wa sasa alisoma barua yako mara mbili, akachukua faili, akakata ule mstari wako mbele yangu na kugonga muhuri. Karani wa mafaili akasema, kwa sauti, "Kumbe!" Kufika jioni soko lote lilikuwa linasema kumbe.

Jumatatu nilifungua tena mgahawa palepale, mlango uleule. Mabenchi mawili na sufuria tatu, zote zina mifuniko. Wa kwanza kuja walikuwa wafuaji wenzangu wa hospitali. Baadaye akaja mwanamke mmoja kati ya wale thelathini na wanne. Aliomba juisi, akainywa yote huku ananitazama usoni. Sikunusa mikono yangu siku hiyo, nilikuja kukumbuka nimeshafunga.

Kikombe nimekichemsha mara tatu na nimekiweka rafu ya juu. Hakuna atakayekinywea.

Bado naona kinyaa nikiutazama mwandiko wako, baba. Sitakudanganya kwamba kimeisha. Pengine hakitaisha. Lakini usikae huko ukisugua choo cha mama wa watu na kukiita toba. Nenda ukaione hiyo bahari, isije ikawa kisingizio cha safari nyingine, kisha geuza pikipiki urudi.

Ukifika, chaki ibaki nje. Nimeweka ndoo ya maji mlangoni na sabuni mpya. Utanawa kama mteja mwingine yeyote, mpaka kwenye viwiko, na nitakuwa nimesimama hapo nakukagua. Ukishatakata utakaa, utakula.

Shikamoo.

Mwanao