Kuku Niliyemchinjia Mgeni

Chebet mjukuu wangu,

Huku Chepsaita mahindi yamefika magotini, na shangazi yako sasa anatembea bila fimbo. Umeniuliza kama uite fundi atengeneze mlango ambao mume wako aliuvunja kwa teke, kabla mshauri wa wanajeshi wastaafu hajawatembelea.

Babu yako alipotoka jeshini, alikuwa analala chini ya kitanda. Akaja mama mmoja wa ofisi yao kutujulia hali. Nilichinja kuku, nikamvalisha babu yako shati la pasi, nikasema, "Sisi tuko sawa kabisa, Madam." Alikula, akashukuru, akaandika vile nilivyosema.

Babu yako alilala chini ya kitanda mpaka tukamzika.

Usiite fundi, Chebet. Mpe mgeni chai, na mlango uuache vile ulivyo.

Ni mimi nyanya yako.