Mama Amekataa Meza ya Bwana

Nakivale, Uganda
9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Gad,

Amani ya Mungu iwe nawe huko Kanada. Baridi imeshaanza? Mkeo Vanessa amepona mgongo? Sisi tupo, mvua imenyesha na maharage yamechanua. Ila Mama si mzima. Tulimpeleka Mbarara kwa ajili ya moyo, tukalala kwa Mama Mdogo Mariette kule Nyamityobora. Sasa yuko nyumbani, lakini amekonda sana.

Nikuambie ukweli. Habari kwamba dayosisi unayoitumikia kama mchungaji inabariki mwanamume na mwanamume wanaooana zimefika hapa. Baraza la kanisa likakaa. Wamesema Krismasi ukija utakaribishwa kama mtoto wetu, ila usivae kanzu ya uchungaji wala usishike kikombe cha meza ya Bwana. Nilisimama nikawaambia kila dayosisi inajiamulia mambo yake, na wewe hujaamua kitu. Mzee Mihigo akanijibu, "Kama banajiamulia peke yabo, bakule peke yabo." Watu wakapiga makofi. Niliona aibu, nikakaa.

Usidhani nafurahia mambo ya huko kwenu. Siyakubali, na nimeudhika kuyasikia kwa watu kabla ya kuyasikia kwako. Wewe mwenyewe umewabariki watu hao au hapana? Hata hilo hujaniambia.

Mama hakugombana na mtu. Unajua kazi yake katika Umoja wa Mama: kila Jumamosi anafua kitambaa cha meza ya Bwana na kukipiga pasi ya makaa. Hata sasa na ugonjwa wake bado anakifua. Lakini Jumapili watu wakienda kupokea, yeye habanduki kwenye benchi. Mchungaji Musoni alimletea mkate mpaka kitandani, Mama akafunga kinywa. Alimwambia tu, "Kama Gad hana fasi kwa meza, miye pia nimeshiba." Mchungaji alitoka akilia. Ni mtu mzuri, amefungwa mikono.

Mimi naogopa, Gad. Mwaka mzima Mama amesubiri Krismasi ili apokee mkate wa Bwana kwa mkono wako, na daktari hakutupa matumaini mengi.

Mume wangu Appolinaire na watoto wanakusalimu, Mama Mdogo pia. Mungu aifunike nyumba yako.

Mama hakutuma salamu. Ametuma swali: "Muulize Gad, ataniletea mkate yeye mwenyewe, ao nikufe na njaa?"

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikasirika,
Marthe